Jina Mlangoni, Jiko Ukutani

Nyumba ya kupanga Ujerumani mara nyingi hukabidhiwa tupu kweli kweli. Darini hukuti taa bali nyaya, vyumbani hakuna hata msumari, na jikoni hakuna jiko. Mpangaji anayehama huweza kufungua makabati, sinki na meko yake akaondoka navyo, au akamuuzia anayeingia wakipatana bei. Mwenyeji wa nchi hiyo analijua jambo hili tangu utotoni. Mwalimu anayetoka Unguja na masanduku yake hulijua siku anayokabidhiwa ufunguo.

Tulihamia Leipzig mwezi wa Oktoba, muhula wa baridi unapoanza vyuoni. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kufundisha Kiswahili, nikafuatana na mume wangu na binti yetu wa darasa la kwanza. Nyumba yetu ilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo la zamani, dari ziko juu na sakafu ya mbao inalia ukikanyaga. Mpangaji aliyetutangulia alikuwa tayari kutuuzia jiko lake, lakini fedha alizotaka hatukuwa nazo, basi akalivunja akenda nalo. Chumba alichotuachia kilikuwa na ukanda wa vigae vyeupe unaokatika ghafla pale kabati lilipokuwa limesimama. Chini yake palitokeza mabomba mawili yaliyozibwa kwa vifuniko vya plastiki, na karibu na sakafu palikuwa na kisanduku cha umeme ambacho fundi mwenye cheti tu ndiye anayetakiwa kukigusa. Meko ya umeme huko huunganishwa kwenye umeme wa njia tatu wa volti 400. Si kitu cha kuchomeka na kuchomoa.

Tukanunua jiko dogo la umeme la sahani moja, tukaliweka juu ya sanduku la nguo. Hapo tukapika kila kitu kwa zamu: kwanza wali kwa tui la kopo, wali ukiiva unafungwa kwenye taulo usipoe, halafu ndiyo samaki. Vyombo tulioshea kwenye beseni la kuogea, mume wangu amepiga magoti na mkono wa shati ameukunja hadi juu ya kiwiko. Sikumsikia akilalamika hata mara moja. Alikuwa akisema, "Mke wangu, mshahara wa kwanza ukiingia tunanunua jiko, basi." Hesabu yake ilikuwa sawa. Sheria ya huko inamzuia mwenye nyumba asidai amana inayozidi kodi ya miezi mitatu, tena inampa mpangaji ruhusa ya kuilipa kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza tulishalitoa, na la pili tulilitengea fedha zetu za akiba. Mshahara wa mwezi wa kwanza wote ulikuwa wa jiko.

Mshahara ukaja umekatwa vibaya sana. Nilikwenda kwa karani wa mishahara na karatasi mkononi, akanieleza kwa upole. Kila mkaazi wa Ujerumani ana namba yake ya kodi, yenye tarakimu 11, nayo hutumwa kwa posta baada ya mtu kujiandikisha kwenye ofisi ya wakaazi. Mwajiri asipoipata namba hiyo, hana budi kumweka mfanyakazi katika daraja la sita la kodi, linalokatwa bila nafuu yoyote, uwe na mwenzi au huna, uwe na mtoto au huna. "Namba yako lazima imeshatumwa," akasema. "Tazama kwenye sanduku la barua."

Sanduku la barua nilikuwa nikilitazama asubuhi na jioni. Tulijiandikisha ndani ya wiki mbili kama sheria inavyotaka, tukiwa na hati ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba tunakaa pale. Lakini haikuwa namba ya kodi tu iliyokosekana. Kadi ya benki haikuja, wala namba yake ya siri, ambayo huja katika bahasha ya peke yake siku nyingine. Kadi za bima ya afya nazo hazikuja. Binti yetu alikuwa akikohoa, na bila kadi kila safari ya kwa daktari ilitanguliwa na simu kwa kampuni ya bima, itume karatasi ya kuthibitisha kwamba mtoto yumo. Nchi ile, pamoja na mitambo yake yote, mambo mazito ya maisha ya mtu bado huyapitisha kwenye bahasha.

Aliyeufumbua mkasa ni mtoto. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, na kila herufi aliyoiona barabarani ilimshawishi. Jioni moja, nikiwa natafuta ufunguo mfukoni kwa vidole vilivyokufa ganzi, akasimama mbele ya bamba la kengele mlangoni akawa anasoma majina ya wapangaji moja moja, kidole chake kikipanda kutoka safu ya chini. Alipofika ghorofa ya tatu akasoma jina lisilo letu. Akarudia, kisha akaniuliza, "Mama, sisi mbona hatumo?"

Hatukuwemo. Jina lililokuwa pale, kwenye kengele na kwenye sanduku la barua vilevile, lilikuwa la mpangaji aliyeondoka na jiko. Msimamizi wa jengo ndiye anayebadilisha vibao, naye alituahidi siku ya makabidhiano kwamba vyetu vitakuwa tayari wiki ile ile. Katika majengo mengi ya Ujerumani vyumba havina namba. Anwani ni mtaa, namba ya jengo na jina lako. Mletaji wa barua akiwa na bahasha ya jina asilolikuta pale, huirudisha ilikotoka kwa maelezo kwamba mpokeaji hajulikani. Kumbe kwa muda wote ule tulikuwa watu wasiojulikana, na barua zetu zilikuwa zikifika mlangoni na kugeuzwa.

Mume wangu akachana karatasi ya daftari, akaandika majina, akabandika kwa gundi. Kesho yake jioni haikuwepo, labda kwa kuwa mabango ya mkono hayaruhusiwi mlangoni pale. Akaandika nyingine. Nayo ikaondolewa.

Katika ghorofa ya kwanza alikaa bibi mmoja mstaafu. Mbele yake tulimwita kwa jina la ukoo, kama Kijerumani kinavyotaka, lakini ndani kwetu alikuwa Bibi wa Chini. Nilimgongea mlango kumuuliza namba ya simu ya msimamizi. Hakunipa namba. Alinikaribisha ndani, akaniwekea chai, akavaa miwani na kuniomba nimwandikie majina yetu jinsi yalivyo kwenye pasipoti.

Hapo ndipo palipotaka subira yetu sote. Sisi hatuna jina moja la nyumba. Mwanamke wa kwetu akiolewa habadilishi jina: anabaki na la baba yake na la babu yake. Mume wangu pasipoti yake inaishia na jina la babu yake. Binti yetu anafuata jina la baba yake, kisha la babu mzaa baba. Kwa hiyo watu watatu wa nyumba moja tuna majina matatu ya mwisho, na kibao cha kengele kina upana wa vidole viwili. Bibi hakushangaa wala hakutuambia tuchague moja. Alisema tu kwamba barua ya mtoto ni barua, lazima nayo ifike. Akaandika majina yote matatu kwa mashine, kwa herufi ndogo nyeusi, mstari chini ya mstari, akakata karatasi ngumu kwa mkasi hadi ikaenea sawasawa. Yeye alikuwa na ufunguo mdogo wa lile bamba, kwa vile amekaa jengo lile muda mrefu kuliko msimamizi yeyote. Akalifungua, akatoa jina la zamani, akaingiza yetu. Asubuhi yake akamvizia mletaji wa barua ngazini akamwambia nani wanakaa ghorofa ya tatu.

Barua zikaanza kuingia. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya ada ya redio na televisheni, ambayo kila kaya hulipa, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au huna. Niliishika nikafurahi kama niliyetumiwa zawadi, maana ilikuwa na jina langu na imenifikia. Zikafuata kadi za bima, kadi ya benki na namba yake ya siri, na hatimaye ile namba ya tarakimu 11, tuliyoomba itumwe upya. Kodi iliyokatwa zaidi ikarudi katika mshahara uliofuata.

Jiko tulilipata kwa mtu wa upande mwingine wa mji aliyekuwa akihama. Lilikuwa la mkono wa pili, makabati ya kijivu, sinki, meko na meza ndefu ya mbao ya kuwekea juu. Tulikodi gari dogo la mizigo tukalipandisha Jumamosi jioni. Meza ikazidi ukuta kwa shubiri moja. Msumeno Bibi wa Chini alikuwa nao, lakini giza lilishaingia, na kesho yake ilikuwa Jumapili. Jumapili Ujerumani ni siku ya utulivu, na huruhusiwi kukata mbao wala kutoboa ukuta. Basi Jumapili nzima ile meza ililala ukumbini, tukawa tunairuka tukienda maliwatoni, na sinki likakaa kitandani kwa mtoto. Jumatatu baada ya darasa langu mume wangu aliikata, Bibi ameshika upande mmoja. Fundi umeme akaja siku nyingine akaunganisha meko.

Nilipika pilau. Vitunguu vilipoanza kubadilika rangi kengele ya moshi iliyoko ukumbini ikalia, na kabla hatujaifikia, nusu ya jengo lilikuwa mlangoni kwetu likiuliza kuna usalama. Walioweza kukaa walikaa wakala. Nikamsimulia Bibi kwamba nimekulia Unguja katika majumba ya Kikwajuni, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Yeye ameishi Leipzig maisha yake yote, zamani hizo na hizi. Akataka kujua kama watu wake walituwekea jiko. Nikamwambia walituwekea, ila mama yangu alipenda kupikia makaa, akaliweka seredani roshani, na hakuna aliyemkataza. Akasema walifanya vizuri kumwachia.

Usiku ule, vyombo vimeoshwa kwenye sinki, nilikuwa natayarisha somo kutoka *Desturi za Wasuaheli*. Nilikisoma kitabu kile kwa moyo mwingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Sehemu kubwa ya kitabu ni kazi ya kalamu yake, lakini kilipochapwa Göttingen mwaka 1903 kilitoka kwa jina la mhariri wake Mjerumani, Carl Velten. Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 aliposafiri naye kurudi kwao, serikali ya kikoloni haikukubali wakae huko kama mke na mume. Wakarejea Ujerumani, naye akafia huko mwaka 1927. Katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipoingia katika kichwa cha kitabu. Nchi iliyomhitaji darasani haikuwa imemwekea mahali pake nje ya darasa.

Mkasa wetu ni mdogo mno mbele ya wake, nao uliponywa na jirani mmoja mwenye mkasi. Lakini umenifundisha jambo ambalo nalisema sasa kila ninapopata nafasi, kwa wanaoita walimu kutoka nchi za mbali, wawe Leipzig, Muscat au Johannesburg, na kwetu pia tunaopokea walimu wa kigeni Zanzibar na Dar es Salaam. Mkataba na ratiba ya masomo havitoshi. Mwalimu anakuja na njaa, na mtoto anayekohoa, na majina ambayo pengine hayaenei kwenye fomu yenu. Mtu mmoja apewe kazi ya kumpokea, kazi hasa, yenye saa zake na malipo yake. Mtu huyo ahakikishe kabla mgeni hajafika kwamba jina limeshawekwa mlangoni, lote, kama lilivyo kwenye pasipoti, na kwamba nyumbani kuna mahali pa kuchemshia chai. Siku ya kwanza amwonyeshe jirani ni nani. Na kama mshahara wa kwanza utachelewa au utakatwa, amwambie mapema, ampe na sehemu ya kukopa bila aibu.

Idara yetu sasa inafanya hivyo. Mwalimu aliyenifuata alipowasili, jina lake lilikuwa limeshawekwa kwenye kengele, na barua yake ya kodi aliipokea kabla hajakamilisha mwezi. Wiki ya kwanza aliitumia kufundisha. Ndicho alichoitiwa.