Jinsi ya Kumshtaki Sultani Aliyesahau Kuandika Mwaka

Mshtakiwa ni Ali bin al-Hasan, sultani wa Kilwa. Alipiga sarafu, upande mmoja akaweka jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zikakubaliana kwa vina. Nafasi ya vina aliipata, ya mwaka hakuipata. Sasa ni kazi yako kujua aliishi lini.

Mwite kwanza shahidi msemaji. Habari za Kilwa zimetufikia kwa njia mbili: katika kitabu cha Mreno João de Barros cha 1552, na katika nakala ya Kiarabu iliyoandikwa upya 1877. Nakala ya Kiarabu inasimulia baba na wanawe sita waliokuja kwa merikebu saba, na kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Usimcheke shahidi huyu, wala usimfukuze. Majina ya watawala na mfuatano wao utaanzia kwake. Akikutajia nani alitawala miaka mingapi, hapo mbane, maana njia hizo mbili hazilingani.

Ukikuta mwaka wa Hijria, usijumlishe 622 ukaenda zako kulala. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, hivyo miaka 33 yake ni sawa na 32 hivi ya jua. Kwenye kibla ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kiarabu, kwa hati ya Kikufi, ya mwaka 500. Ukijumlisha kivivu utapata 1122. Jibu sahihi ni 1107, na wewe utakuwa umemdhulumu fundi miaka 15.

Kisha shika mwiko, uingie ardhini. Kilicho chini ni cha zamani kuliko kilicho juu, mradi hakuna babu aliyepita hapo kuchimba choo. Vigae vya China na vya Uajemi vitakusaidia, kwa kuwa mitindo yake ilibadilika na nyakati zake zinajulikana. Mkaa nao una ushahidi, ila mhoji vizuri: unakueleza mti uliishi lini, si moto uliwashwa lini, na boriti ya mkoko huweza kuhama nyumba moja hadi nyingine kabla ya kuishia jikoni. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960 kwa uangalifu mkubwa, akamweka Ali mwishoni mwa karne ya 12. Kesi ikaonekana imefungwa.

Mwaka 1984 ikafunguka upya Mtambwe Mkuu, Pemba. Ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, baadhi zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu za watawala wa Fatimiya. Dinari hizo zina miaka! Hapa kuwa makini sana, kwani wengi hujikwaa hapa. Tafuta dinari ya karibuni kuliko zote: ni ya 1066. Kwa hiyo hazina haikufukiwa kabla ya mwaka huo. Na kwa kuwa hakuna dinari ya baadaye, yaelekea haikuchelewa sana kufukiwa. Ali akarudishwa nyuma hadi karne ya 11, zaidi ya miaka mia kabla ya pale alipowekwa na Chittick, na historia ya mwambao mzima ikabidi isogezwe pamoja naye.

Dhahabu ilisema kwa sababu ilikutwa ubavuni mwa fedha. Kila moja ingeuzwa peke yake, mshtakiwa angebaki bila mwaka hadi leo. Basi ukichimba msingi wa nyumba Pemba, Mafia, Lamu au Kilwa, ukaona sarafu, usiioshe, usiikimbize kwa sonara. Iache palepale ilipolala, pamoja na vigae na mkaa wake, uwaite watu wa mambo ya kale.