Mpeni Mangi Barua ya Uteuzi

Kwa Postamasta Mkuu,
Shirika la Posta Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA KUMPANDISHA CHEO MUUZA DUKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wananchi wa migombani, kuanzia Machame hadi Mwika, ni wazima na tunaendelea na ujenzi wa taifa. Tumechagua barua ya wazi kwa sababu za kiuchumi tu. Barua ya kufunga inataka bahasha, stempu na, kwa wengi wetu, nauli ya Noah hadi Moshi mjini kwenda kuitumbukiza. Ukishafika mjini, kilichobaki ni kupiga simu.

Kwanza tukupongeze. Septemba 2023 Rais Samia alifungua pale Arusha makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika, jengo la ghorofa 17. Limependeza kweli. Posta ya Afrika nzima sasa ina lifti. Huku kwetu tungeridhika na dirisha lenye mtu nyuma yake.

Pongezi pia kwa anwani za makazi. Mwaka 2022, kabla ya sensa, tulihesabiwa nyumba na njia zikapewa majina. Mzee ambaye miaka yote alielekezwa kwa "pita mringaringa, vuka mfongo, ulizia" leo ana namba na postikodi. Anachosubiri ni mtu wa kumletea kitu. Agosti mwaka huohuo Serikali ikazindua intaneti yenye kasi Horombo, kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mtalii anarusha picha hadi Berlin kabla hajavua buti. Sisi wa chini ya msitu hatuna wivu, maana nasi tunaandikiwa karibu kila wiki, na wanaotukumbuka ni matapeli: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hata jina la mpokeaji hawaandiki, lakini ujumbe unafika.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiko kunakouma. Akiba ya mnyonge na barua yake vililala nyumba moja tangu 1925, benki ya akiba ilipoanzishwa ndani ya posta ya Tanganyika. Mtu aliweka shilingi zake na kuchukua barua ya mwanawe kwa safari moja. Mwaka 1991 Bunge likatunga sheria ya kuitenga benki. Mwaka 1993 likatunga nyingine, Posta na Simu wakaachana. Posta na benki bado hukutana kwenye baadhi ya kaunta, kama wazazi waliotalikiana wanavyokutana kwenye kipaimara cha mtoto. Kisha 2021 Benki ya Posta ikajiita Benki ya Biashara Tanzania, na neno Posta likaondoka kwenye kibao. Tunaelewa. Mtu akipata suti mpya hapendi kuulizwa kwao ni wapi.

Mwaka huohuo wa 1925 wakulima wa kahawa wa mlima huu, akina Joseph Merinyo, walianzisha chama chao. 1933 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika, KNCU. Kutoka ushirika huo tukapata, katika miaka ya 1990, Benki ya Ushirika Kilimanjaro, makao yake Moshi. Aprili 2025 ikazinduliwa Dodoma benki mpya ya ushirika ya taifa, yetu ikiwa imeunganishwa humo na ile ya wakulima wa korosho wa Tandahimba. Haki isemwe: mtaji wa benki yetu ulikuwa umepwaya, na huenda ndoa hiyo imeiokoa. Ila kahawa na korosho sasa zinapangiwa mambo kwenye mji wa zabibu, na kumwona mkubwa wa benki yetu ni safari ya basi ya kutwa.

Mtatuambia tuanzishe benki nyingine ya wananchi. Tulimwona jirani. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja, ikiwamo ya wananchi wa Meru, na fidia ya bima ya amana ikaishia shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Tangu hapo, ukimtajia mtu wa huku benki ya wananchi, kwanza anakutazama usoni.

Ndiyo maana tunamleta kwako Mangi, mwenye duka la kona na wakala wa pesa za simu. Mangi anapokea pesa, anatoa pesa, anatunza mzigo ulioletwa na konda, anawasomea wazee meseji. Anajua nani katumiwa na nani kasahauliwa na watoto walioko Dar. Ana kasoro zake: floti huisha siku ya soko, na bibi asiyejua kusoma humtajia namba ya siri kwa sauti mbele ya foleni. Kila muamala una ada, ndiyo maana salamu ya kwanza ya mlima siku hizi ni "tuma na ya kutolea". Julai 2021 Serikali nayo ikaongeza tozo yake juu ya ada hiyo, kelele zikapigwa, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Basi mfanyeni Postamasta Msaidizi, mumpe kofia na mhuri. Au, kama hilo linashusha hadhi ya Shirika, fanyeni kazi anayoifanya. India ilizindua benki ya posta mwaka 2018, na tarishi anamfuata bibi mlangoni na mashine yake. Tarishi wao hana mlima mfupi kuliko wetu, wana Himalaya.

Tunaomba dirisha moja kila kata, hata kama ni siku za soko tu, lipokee barua, mzigo na akiba, na ada ibandikwe ukutani kwa herufi ambazo mzee anaziona. Majengo mnayo, jina mnalo, na namba za nyumba zetu mnazo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Kirua Vunjo

Nakala: Mangi, dukani (kwa mkono).