Hongera kwa Mwenye Herufi V

Apewe hongera mwenye Probox wa Ukunda aliyelikataa katakata tairi la herufi T. T ni kilomita 190 kwa saa tu. Mtu mwenye heshima zake atafikaje Msambweni kabla ya magharibi? Kachukua V, 240, na hakunung'unika bei. Ndege ndogo za kiwanja chetu cha Ukunda hupaa kabla ya kufika kasi hiyo, lakini hizo hazina haraka. Matatu nazo zimewekewa kikomo cha 80. Maskini, hazina herufi.

Na njia yenyewe yataka mwendo. Ukishuka feri Likoni, unakanyaga mafuta mpaka tuta la kwanza, kisha tuta la pili, kisha mbuzi, kisha tuktuk iliyokata kona bila taarifa. Hapo ndipo 240 hulipa.

Kuna wakorofi huinama kusoma tarakimu nne za ubavuni: 1913, eti wiki ya 19 ya mwaka 2013. Utovu wa adabu ulioje! Tairi limepakwa dawa, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, nawe waliuliza umri? Zile nyufa za pembeni fundi kazieleza vizuri: ni za kupumulia.

Kanunua mawili tu, ya nyuma. Mbele kushoto kabaki na lile la zamani, kipara kitupu, maana herufi yake bado yasomeka.