Umeme Ukirudi Bila Hodi

Watu wengi huiogopa jigso kwa sababu ya meno yake. Mimi naogopa kile kitufe kidogo ubavuni mwa mpini, kile unachokibonyeza ili swichi ibaki imewaka na kidole kipumzike. Mahali ambapo umeme haukatiki, kitufe hicho ni starehe tu. Huku kwetu Koboko na Arua, ambako umeme huondoka bila kuaga na kurudi bila kubisha hodi, ni mtego.

Kwa asiyeijua, jigso ni ule msumeno mdogo wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, unaoweza kukata mviringo, ua, hata herufi za jina la mtu. Maseremala wa vitanda wanaipenda kwa sababu maharusi wa siku hizi hawataki kichwa cha kitanda kilichonyooka. Wanataka mawimbi, na katikati ya mawimbi wanataka moyo.

Shemeji yangu, seremala hapa Koboko, aliinunua yake ng'ambo ya mpaka wa Kongo, soko la Ariwara, ambako bei humlainisha mtu kabla hajauliza maswali. Ilikuja na plagi ya pini mbili za mviringo. Soketi za Uganda zina matundu matatu ya pembe nne. Mwingine angetafuta adapta au fundi wa kubadilisha plagi. Shemeji alitafuta kofia ya kalamu, akaichomeka kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha akazisukuma pini zake kwenye matundu ya chini. Plagi ikaning'inia pale kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, ikitoa cheche kila waya ulipoguswa.

“Inafanya kazi,” alisema. Ndiyo, ilifanya kazi.

Umeme nao una historia yake. Kabla mkoa wetu wa West Nile haujaunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024, tulitegemea bwawa la Nyagak kule Zombo, megawati 3.5 kwa mkoa mzima, likisaidiwa na jenereta za mafuta. Seremala alikata mbao saa ambayo umeme ulipenda. Siku hizi laini kubwa imefika na hali ni nafuu, lakini tabia ya kutoweka ghafla haijatuacha, na shemeji hajaacha tabia ya kutochomoa plagi.

Siku ya tukio alikuwa anakata moyo kwenye ubao wa msaji, ile mbao nzuri inayoletwa kutoka pande za Yei, Sudan Kusini. Umeme ukakatika katikati ya moyo. Akatukana kidogo, kwa adabu maana wateja walikuwepo, akaichomoa bledi kwenye mbao, akailaza jigso ubavu juu ya benchi, akaja kukaa nasi chini ya mwembe. Kitufe kilikuwa bado kimebonyezwa. Chai ikamiminwa, mazungumzo yakahamia kwenye siasa, na hakuna chombo kinachosahaulika haraka kama kilichonyamaza.

Umeme uliporudi tulisikia kwanza sauti. Jigso ilikuwa imeamka peke yake na inatambaa. Ilijizungusha kidogo, ikagonga kopo la vanishi, vanishi ikamwagika juu ya moyo wa bi harusi mtarajiwa, halafu ikaanza safari kuelekea ukingo wa benchi huku bledi ikitafuna hewa. Kuku waliokuwa chini ya benchi walielewa hali mapema kuliko sisi. Shemeji alikimbia kuikamata, na hapo ndipo nilipopiga ukelele, maana mtu anayenyoosha mkono kuelekea bledi inayotembea anahitaji kupigiwa kelele. Kabla hajafika ilianguka, waya ukavutika, na plagi ya kofia ya kalamu ikachomoka yenyewe. Plagi hiyo niliyokuwa nikiilaumu ndiyo iliyotuokoa, jambo ambalo shemeji hutukumbusha hadi leo bila kuulizwa.

Mama mmoja mshonaji, mwenye cherehani yake kwenye baraza ya pili, aliyaona yote. Ili kupoza mambo nilimweleza kwamba jigso ni ya ukoo wake. Mwaka 1946 huko Solothurn, Uswisi, Albert Kaufmann, mhandisi wa kampuni ya Scintilla, aliichukua cherehani ya mkewe, akaitoa sindano na kufunga bledi ya msumeno mahali pake. Mama alifikiri kidogo, akauliza, “Na mke alishonea nini?”

Tangu hapo alijiona ana haki ya kusimamia mambo ya karakana, na lazima niseme anajua. Shemeji alikuwa akilalamika kwamba mbao zake zinachanika juu, kingo zinakuwa na vijiti. Sababu ni kwamba meno ya bledi ya kawaida hutazama juu, hukata yanapopanda, kwa hiyo uso wa juu ndio unaoumia. Mama alikuwa hajawahi kushika jigso, ila alisema, “Sisi huchora upande wa ndani wa kitambaa.” Shemeji akageuza mbao, uso mzuri chini, akachora mgongoni. Ukingo ukatoka safi.

Kuhusu kinachopita chini ya mbao, hilo alichelewa kulisikia. Bledi hujitokeza upande wa pili, na haibagui mbao ya mteja na benchi la fundi. Benchi la shemeji lina mawimbi kuliko kitanda chochote alichowahi kuuza. Siku hizi hufunga mbao kwa klampu, sehemu ya kukatwa ikiwa nje ya ukingo, anavaa miwani, na waya anaupitisha nyuma ya bega.

Plagi ilibadilishwa pia, pini tatu. Akitaka kubadilisha bledi anaichomoa kwanza, na msaji humlazimisha kubadilisha mara kwa mara kwa sababu una chembechembe kama za mchanga zinazoua meno. Cheche zikizidi ndani ya mota, huichomoa vilevile na kutazama kaboni kama zimeisha. Umeme ukikatika, mkono wake unakwenda kwenye soketi kabla ya kwenda kwenye chai.

Kilichobaki kilikuwa kile kigurudumu kidogo kinachoushikilia mgongo wa bledi, ambacho kilianza kulia kwa ukavu. Mama akampa mafuta ya cherehani. Tone moja likatosha, kelele ikaisha. Aliandika tone hilo kwenye daftari lake la madeni, na kila tone lililofuata. Hesabu ilipokuwa nene shemeji alilipa kwa ubao wa kupigia pasi. Una moyo katikati na miguu yake hailingani, na kwa miguu jigso haina hatia.