Barua ya Wazi kwa Fundi wa Nairobi

Kwa Mheshimiwa Fundi wa Nairobi,
Idara ya Waranti,
Kwa hisani ya maduka ya simu, TV na magemu,
Kisumu.

MINT: PS4 YANGU ILIYO MIKONONI MWAKO SALAMA

Mheshimiwa,

Natumai hujambo na kwamba kazi haijakulemea. Nauliza kwa sababu mtu akitoka Oginga Odinga Street hadi Ang'awa Avenue, akaingia duka lolote lenye kaunta ya kioo na kuweka kitu kibovu juu yake, ataambiwa kitu hicho kinakwenda kwako. Simu isiyoshika chaji, kwako. Subwoofer iliyonguruma kwenye harusi moja ikanyamaza, kwako. Pad ya PS inayomkimbiza mshambuliaji kwenye kona bila kuguswa, kwako. Hakuna mtu katika jiji hili mwenye shughuli nyingi kama wewe, na wewe hata hukai humu.

Sijawahi kukuona, wala sijakutana na aliyewahi kukuona. Jina lako silijui, namba ya simu sina, jengo lako halitajwi. Nikiuliza naambiwa, "Ni pale Luthuli," na mazungumzo yanaishia hapo. Hata hivyo nakuamini. Imani hii nimeilipia.

Kabla ya malalamiko, shukrani. Siku ya kununua nilipokelewa kifalme. Kijana wa duka alinidaka nikiwa bado barabarani: "Boss, karibu, kuangalia ni bure." Bei haikuandikwa popote, kwa hiyo aliisoma kwenye viatu vyangu. Alichomeka mashine kwenye TV ya ukutani, akaniwekea FIFA, jina ambalo gemu yenyewe iliacha kulitumia mwaka 2023 lakini sisi hatujaliacha, akanifungia Arsenal mabao mawili nikiwa nimesimama. Pesa zikaingia kwenye till, nikapewa risiti. Ina muhuri mwekundu usemao kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na chini ya muhuri, kwa kalamu, "waranti miezi sita." Sentensi hizo mbili zinaishi kwenye karatasi moja bila kusalimiana.

Siku ya kurudi, kijana yuleyule hakunitambua.

"Ulinunua hapa?"

Nikamwonyesha risiti. Akaigeuza mashine chini juu, akainusa. Bila kuichomeka popote akatoa hukumu: "Hii imechomwa na stima. Stima ya huku kwetu ni mbaya, mzee wangu."

Mheshimiwa, nina swali dogo kuhusu stima hiyo ya huku kwetu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani sawa na Nyalenda. Nilidhani usiku ule sote tulithibitisha kwamba waya ni mmoja. Au ule wa kwenu huchagua vya kuchoma?

Sikubishana. Nikaambiwa, "Tutaituma Nairobi. Rudi Jumatatu." Jumatatu ya mwezi gani, hakusema. Tangu hapo nimekuwa mtu wa Jumatatu. Naingia, namkuta kijana akitazama simu, naye bila kuinua macho ananipa taarifa zako. Mzigo haujafika. Mzigo umefika, lakini fundi amesafiri. Fundi amerudi, sasa anangojea spea. Spea iko bandarini Mombasa. Nikikunja uso kidogo ananituliza: "Omera, kuwa mpole. Nairobi si ya mtu mmoja." Nyumbani nako mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ananingoja mlangoni na swali moja: "Nera, wamesemaje?" Likizo ya shule imekwisha, nyingine ikaja, na mjomba mtu amebaki akitoa maelezo ya bandari.

Sasa tuzungumze kitaalamu. Kabla sijaileta kwako niliipitisha kwa fundi mmoja wa Kondele, anayekaa nje kwenye kibaraza na mashine yake ya kupuliza hewa moto. Alimulika tundu la HDMI kwa tochi ya simu, akafumba jicho moja, akasema: "Pini mbili zimelala. Nikibadilisha hili tundu, jioni mnacheza." Kisha akaigeuza, akaona ile stika ya fedha, ndogo kama ukucha, iliyofunika skrubu. Akanirudishia mashine kwa mikono miwili. Stika ikipasuka, waranti imekufa. Kila mtu anajua hivyo, hata yeye. Kwa hiyo anayeweza kuitengeneza haruhusiwi kuifungua, na anayeruhusiwa kuifungua haonekani. Naona ni mpango mzuri sana. Ningependa kumjua aliyeubuni, nimpe mkono.

Kwa kuwa naelewa jinsi ulivyo na shughuli, siombi tena uitengeneze. Naomba jambo rahisi: ututangazie kifo chake rasmi, ili tumzike.

Tangazo lisomwe Ramogi FM, saa ile ya matangazo ya vifo, kwa sauti ile ya pole inayowafanya watu wasimamishe ugali mdomoni. Nimekurahisishia kwa kuliandika:

"Kwa masikitiko makubwa, familia inatangaza kifo cha PS4 Slim wa Manyatta, kilichotokea Nairobi baada ya kuugua tundu la HDMI kwa muda mfupi na kungojea spea kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa mtoto wa duka lililomkana, ndugu yake TV ya inchi 32, na mzazi mpendwa wa pad mbili, moja nyeusi na moja inayokimbilia kona. Jamaa na marafiki wanakutana kila jioni nyumbani kwa mipango ya mazishi. Mwili utaondoka Luthuli Alhamisi asubuhi, utapitia Nakuru na Kericho, na utalala nyumbani usiku mmoja kabla ya kuzikwa. Habari ziifikie kebo yake iliyoazimwa Seme, chaja ya pad iliyoko Kondele, na CD yake ya mbio za magari iliyoolewa Kendu Bay. Popote mlipo, mje."

Siku ya mazishi tutapiga hema. Wawakilishi wa duka watapewa viti vya mbele na maji ya chupa, kisha mmoja wao atashika kipaza sauti kusema alivyomjua marehemu. Hapo ndipo tungependa sana kumsikia, maana kwenye kaunta alikuwa hamkumbuki. Daktari atasoma ripoti ya kifo, yenye neno moja: stima. Mwanasiasa atakayetokea bila kualikwa ataahidi kiwanda cha PS kando ya ziwa. Stika ya fedha itabanduliwa mbele ya umati na kukabidhiwa mpwa wangu, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya mashine hiyo mliyoilinda kwa moyo wote. Usiku tutakesha kwa gemu ya kuazima na jenereta, kwa sababu stima ya huku, kama ujuavyo.

Wala usiseme hayo hayawezekani. Wakili S.M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986, na kwa miezi mitano mahakama za nchi hii zilisikiliza mabishano ya wapi azikwe. Mei 1987 alizikwa Nyalgunga, Siaya, kwa sababu ukoo wake ulishikilia kwamba mtu wao lazima arudi nyumbani. Hata maiti, Mheshimiwa, hurudi kutoka Nairobi. Iliyoshindikana ni mashine ya kilo mbili. Na njia hatukosi: reli ilifika hapa mwaka 1901, treni ya abiria iliyokuwa imekufa ikafufuliwa Desemba 2021, mabasi yanatoka stendi usiku kucha, na ndege zinatua kila siku. Kumbe zote hizi zilijengwa za kwenda tu?

Nilikuwa nimefika hapa na barua yangu, tayari kuitia sahihi, lilipotokea jambo linalonilazimu kuahirisha mazishi.

Nilikuwa nimeegemea kaunta nikingoja taarifa yangu ya Jumatatu. Mteja mwingine alinunua pad, akataka ichajiwe kidogo aijaribu. Kijana akainama chini ya kaunta, akasogeza maboksi ya feni, akavuta mashine iliyojaa vumbi, akaichomeka ukutani. Taa ikawaka bila tatizo lolote. Akachomeka pad kwa mbele ianze kushika chaji. Kwenye kona ya mashine hiyo kulikuwa na kibandiko cha kijani cha klabu ya Gor Mahia, kimekatwa kombo kwa wembe, upande wa kulia kimekunjamana. Nakijua kibandiko hicho. Kilikatiwa kwenye meza yangu, na meza bado ina alama.

Nikasema, "Hiyo ni yangu."

Akasema, "K'Ogalo ina mashabiki wengi, boss."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, sasa nakujua. Hukai Luthuli. Unakaa chini ya kaunta, hatua tatu kutoka mlangoni, kati ya feni na maboksi matupu ya TV. Marehemu hajasafiri popote. Yuko kazini, anachaji pad za wateja wengine, kwa stima ileile mbaya iliyomuua.

Na hapa naomba ruhusa niweke adabu kando. Huu ni uwongo, na ni uwongo wenye hesabu nzuri. Mnajua mteja ana kazi, ana nauli, ana aibu ya kupiga kelele mbele za watu. Mnajua kila akirudi anachoka zaidi, na akichoka vya kutosha hatarudi tena. Waranti yenu haihesabu miezi. Inahesabu uvumilivu wetu, na inaisha ukiisha. Mimi nimepoteza mchezo wa mtoto. Huko Obunga na Nyalenda kuna vijana waliochanga pesa za chama wakanunua mashine mbili na TV mbili, wakapanga kibanda cha mabati, wakawa wanatoza shilingi chache kwa kila mechi. Mashine moja ikienda "Nairobi", nusu ya mapato imekwenda nayo, ila kodi ya kibanda haijui waranti. Mwezi wa pili wanauza TV moja. Mwezi wa tatu mwenye nyumba amefunga mlango kwa kufuli yake. Hao nao mtawaambia wawe wapole?

Nimekunywa maji. Tuendelee kwa heshima.

Maombi yangu mengine ni madogo. Bei ziandikwe kwenye bidhaa, ili niweze kuingia dukani na viatu vyovyote. Kalenda yenu iongezwe siku nyingine baada ya Jumatatu. Neno "orijino" lipumzishwe kidogo, limefanya kazi nyingi. Atakayeambiwa chombo chake kimesafiri apewe risiti ya basi iliyokibeba. Kama basi halipo, apewe chombo chake. Na ugatuzi, ambao kaunti zimekuwa nao tangu 2013, ufike pia kwenye skrubu: mpeni yule fundi wa Kondele kiti, bisibisi na idhini ya kubandua stika. Hospitali za rufaa tunazo huku, chuo kikuu tunacho huku. Pini mbili zilizolala zitatushinda kuziamsha?

Mwisho, kuhusu ule muhuri mwekundu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyokuwepo kabla babu yangu hajamiliki redio. Muhuri wa mpira haufuti hata moja kati ya hizo, hata ukiulowesha kwenye wino mara mbili. Tunayo vilevile Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Yaani mgogoro wote utaamuliwa kabla wewe hujapata spea. Huko mtu halazimiki kuwa na wakili. Nitajieleza mwenyewe, kwa Kiswahili hiki hiki, na mpwa wangu atakuwa shahidi wa kibandiko.

Nakupa nafasi ya mwisho ya kunirejeshea mashine au pesa yangu. Hii nayo inakwisha Jumatatu, ila yangu ina tarehe: utaikuta kwenye barua ya madai iliyoambatishwa.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Mteja wa Waranti,
Manyatta, Kisumu.

Nakala kwa:
Kijana wa kaunta, asome wakati pad inachaji.
Fundi wa Kondele, akae tayari.
Karani wa mahakama, pamoja na risiti. Nimeipiga picha na kutoa nakala tatu, maana wino wenu hufutika kabla ya waranti.