Waraka kwa Watu wa Mwello Kuhusu Kabati Lililochoka

Waraka huu umeandikwa kwa ajili ya wazee, mama, mashangazi na vijana wa Mwello, mashariki mwa Uganda, pamoja na jirani zao wa Tororo, Malaba na pande zote mbili za Busia, kwa kusudi la kueleza maradhi yaliyoenea Uingereza ambayo huko nyumbani hayajawahi kuripotiwa, yaani uchovu wa kabati. Maradhi haya humpata mtu mwenye nguo nyingi kuliko siku za mwezi, ambaye kila asubuhi hufungua kabati, akayatazama mashati yaliyobanana humo, kisha akatangaza kwa dhati kabisa kwamba hana cha kuvaa. Mhamiaji kutoka Mwello anayeishi chumba cha pili, akikisikia kilio hicho kwa mara ya kwanza, hudhani kwamba wezi wameingia usiku.

Nguo zenyewe, ieleweke, hazina kasoro; kilichochoka ni macho ya mwenyewe. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kununua nyingine, lakini kwa kuwa kodi ya nyumba na bili za umeme hazimwachii mtu nafasi, na kwa kuwa wengi wameanza kuona aibu kwa wingi wa nguo wanazozitupa, imezuka elimu ya kuliburudisha kabati bila kutoa senti, nayo ina walimu, vitabu na masharti. Lipo, kwa mfano, sharti la henga, zile za kutundikia nguo: mtu huzigeuza zote zielekee upande mmoja, na kila avaapo nguo huirudisha henga yake imegeuzwa kinyume, ili baada ya miezi sita zile ambazo hazikugeuka ziwe ushahidi dhidi yake. Mwaka 2010 Mmarekani Courtney Carver alianzisha utaratibu unaoitwa Project 333, ambao unamtaka mtu avae vitu 33 tu kwa muda wa miezi mitatu, viatu na mapambo vikiwa ndani ya hesabu hiyo. Wafuasi wake husimulia mateso ya wiki za mwanzo kwa sauti ya watu waliovuka jangwa. Huko Mwello mtu akianika vitu 33 kwa siku moja, mtoza ushuru wa soko atafika kumwuliza leseni.

Mbinu inayostahili kuelezwa kwa kirefu, hata hivyo, ni karamu ya kubadilishana nguo, ambayo hufanyika katika kumbi za makanisa, maktaba na vyuo. Mwalikwa huleta nguo asizozihitaji, zikiwa zimefuliwa, zina vifungo vyote na hazina tundu, na pale mlangoni mtu wa kujitolea huzikagua kwa makini ya afisa forodha, akampa kibao kimoja kwa kila nguo iliyokubaliwa. Baadaye kila kibao humruhusu kuchukua nguo moja iliyoletwa na mwingine. Hakuna fedha inayopita. Ukumbi ukifunguliwa, shughuli huendeshwa kwa upole unaotisha, kwani watu wawili wakiigusa sketi moja, kila mmoja huiachia na kumwomba mwenzake radhi, na kabla radhi hizo hazijakwisha mhamiaji aliyelelewa katika masoko ya mpakani huwa amekwisha kuikunja na kuitia mfukoni. Asihukumiwe kwa haraka. Mtu aliyesimama mbele ya robota la mitumba la kilo 45 wakati linapokatwa kamba anajua kwamba waliotangulia ndio wanaopata kamera, yaani nguo za daraja la juu, na kwamba waliochelewa huachiwa fagia, ambazo ni masalia yasiyo na mwenyewe, na kwa malezi hayo mikono hutangulia salamu.

Kinachomshangaza mhamiaji katika karamu hiyo ni kwamba jambo dogo kama hilo limehitaji kamati, ratiba na vibao. Kwa Jopadhola wa Mwello, kama ilivyo kwa Wasamia na Wateso wanaopakana nao, shati lina warithi ilhali mwenyewe yu hai na hajamaliza kulifunga vifungo. Mdogo wake haliazimi. Hulivaa tu, na mwenyewe hupata habari kanisani. Suruali ya baba hupunguzwa ikawa ya kifungua mimba, ikapinduliwa upindo ikawa ya anayemfuata, ikakatwa magoti ikawa kaptura, na hatimaye ikatoa viraka vya kuwatibu wadogo zake waliobaki. Gomesi, vazi ambalo fundi Mgoa Caetano Gomes anahesabiwa kuwa mbunifu wake mwanzoni mwa karne ya 20, hutumia takriban mita sita za kitambaa, na likifubaa hutoa magauni mawili ya watoto, kisha foronya, kisha dekio. Katika mfumo wa namna hiyo kabati halipati nafasi ya kuchoka, kwa sababu nguo haimkai mtu mmoja kwa muda wa kutosha kumchosha. Mwingereza anayeishi peke yake, ambaye hana mdogo wala binamu mwenye ufunguo wa nyumba yake, hana budi kuwakodia ukumbi watu asiowajua ili wamfanyie kazi ambayo ukoo ungeifanya bila kualikwa.

Ingekuwa dhuluma kuwaeleza wenyeji wa Uingereza kana kwamba hawakuwahi kuijua sindano. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliweka mgao wa nguo kuanzia tarehe 1 Juni 1941, ambapo kila mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na koti zito la kiume peke yake lilimeza kuponi 16, hata mwenye fedha asiweze kununua akiwa hana kuponi. Mwaka 1943 Bodi ya Biashara ilitoa kijitabu kiitwacho Make Do and Mend, kilichowafundisha raia kutia viraka, kufuma upya soksi zilizotoboka na kufumua sweta kuukuu ili uzi wake ufume nyingine, na mgao wenyewe haukuondolewa hadi 1949. Bibi za watu wanaohudhuria karamu za leo waliyajua hayo yote. Ni wajukuu ambao wamelazimika kurudi darasani. Miongoni mwa madarasa hayo ni mikahawa ya matengenezo, iliyoanzishwa na Martine Postma jijini Amsterdam mwaka 2009 na kuenea katika nchi nyingi, ambako mafundi wa kujitolea humsaidia mtu kurekebisha zipu yake huku akinywa chai. Fundi wa cherehani ya kukanyaga aliyekaa barazani mwa duka Tororo atapinga, kwa haki, kwamba kazi yake haiwezi kuwa ya bure. Lakini naye aelezwe kwamba zipu iliyofika kwake asubuhi hufunga jioni, ilhali ya huku pengine hungoja hadi Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.

Mhamiaji akiombwa naye atoe mchango wa elimu, huwafundisha wenyeji wanga wa muhogo: unga kidogo hukorogwa katika maji baridi, ukapikwa uwe uji mwepesi, ukachujwa, kisha shati la pamba likachovywa humo, likaanikwa, likanyunyizwa maji na kupigwa pasi, hata kola iliyokuwa imelala ikasimama kama ya mwalimu mkuu siku ya ukaguzi. Wenyeji huandika kila neno, halafu huuliza kama muhogo huo ulilimwa bila mbolea ya viwandani.

Limebaki suala la marehemu. Mwezi Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni, akiwa Mbale, mwendo mfupi tu kutoka Tororo, alitangaza vita dhidi ya mivumba, kama mitumba inavyoitwa Uganda, akieleza kwamba hizo ni nguo za wazungu waliokufa, dhana ambayo Watanzania walikuwa wameitangulia kwa kuziita nguo za kafa Ulaya. Uchunguzi wa karibu unaonyesha kwamba wengi wa wenye nguo hizo ni wazima wa afya, wanakula vizuri, na kosa lao pekee ni kuchoshwa na rangi ya kijani. Viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba kufikia 2019, lakini wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nchi zikalegea moja baada ya nyingine, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishwa mwaka 2018 kuingiza mavazi yake Marekani bila ushuru. Aliyepata ujanja bora kuliko marais wote ni mbunifu Bobby Kolade wa Kampala, ambaye kupitia chapa yake ya BUZIGAHILL huzipasua nguo za mitumba, akazishona kwa sura mpya na kuziuza kwa watu wa ng'ambo kwa bei zao, chini ya jina Return to Sender, yaani irudi kwa aliyeituma. Upo uwezekano, ambao waraka huu unautafakari kwa furaha, kwamba Mwingereza mmoja amekwisha kununua nusu ya shati lake mwenyewe.

Kuhusu mzigo unaosubiriwa Mwello, ukoo uarifiwe kwamba sanduku la kilo 23 lililojazwa mavuno ya karamu tatu limekabidhiwa msafiri anayetua Entebbe. Koti la sufu ni la mjomba, ambaye ameonywa mara kadhaa kuhusu jua la saa sita Tororo na akajibu kwamba analitaka kwa ajili ya mikutano. Sketi yenye mistari bado inagombewa, na shangazi mkubwa ndiye atakayeamua. Orodha inataja sweta nne, lakini sandukuni zimo mbili, kwa kuwa mizani ya uwanja wa ndege haipimi nguo zilizo mwilini. Kwa hiyo msafiri avuliwe kwa heshima pale pale atakapopokewa, kabla hajazizoea.