Shika Penseli: Namna ya Kupokea Tetesi za Madereva wa Langalanga

Mbio za mwisho za msimu zikimalizika Yas Marina, Abu Dhabi, kwetu Afrika Mashariki huwa ni Jumapili jioni na jua bado lipo. Fataki zinapaa, bingwa anazungusha gari hadi linapotelea kwenye moshi wa matairi yake, televisheni inazimwa. Chai haijapoa, simu imeshaanza: fulani anahama. Nani kasema? Mtu wa ndani. Ndani ya nini, hasemi. Mwaka 2024 mbio hizo zilifanyika tarehe 8 Desemba, na magari hayakushindana tena hadi tarehe 16 Machi kule Melbourne. Wiki 14 kamili. Mpenzi wa langalanga akikaa wiki 14 bila mbio huwa na njaa, na mwenye njaa hachagui chungu. Mwongozo huu ni wa wiki hizo.

Tafuta karatasi na penseli. Usichukue kalamu ya wino, maana mwezi Januari utaharibu daftari zima.

Andika majina ya timu kwenda chini, na mbele ya kila timu weka nafasi mbili. Hadi msimu wa 2025 timu zilikuwa 10 na viti 20. Cadillac ilipoingia mwaka 2026 viti vikafika 22. Hivyo ndivyo viti vyote vya langalanga duniani. Sisi tuliokulia kwenye tetesi za usajili wa mpira tunakuja hapa na mazoea mabaya. Klabu ya mpira husajili kikosi kizima. Mshambuliaji mpya akitua uwanja wa ndege, wa zamani anasogea benchi na mshahara wake unaendelea. Huku benchi la namna hiyo hakuna. Yupo dereva wa akiba, lakini huyo haingii dakika ya 70. Anasubiri mwenzake augue au aondolewe. Na dirisha la usajili halipo: hakuna siku linafunguliwa wala usiku linafungwa, kwa hiyo dereva anaweza kuhama Januari, Mei au Septemba, na tetesi hazina likizo.

Ndiyo sababu kila tetesi ya langalanga ni tetesi mbili zilizofungwa kwa kamba moja. Ukiambiwa fulani anakwenda Ferrari, uliza anakaa kiti cha nani, kisha uliza huyo aliyeinuliwa anakwenda wapi. Mtoa habari akikosa jibu la swali la pili, penseli isiguse karatasi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni kweli, lakini hapa muulize pia lamtoa nani.

Sasa, pembeni mwa karatasi acha pambizo pana. Humo wataandikwa waliokosa viti. Nimeona watu wengi wakichora jedwali zuri la timu bila pambizo, na hao ndio tetesi huwachezea kuliko wote, kwa sababu hawaoni watu wanaosubiri mlangoni.

Zoezi la kuanzia ni la mwaka 2016. Nico Rosberg alitwaa ubingwa Abu Dhabi tarehe 27 Novemba, akimzidi mwenzake wa Mercedes, Lewis Hamilton, kwa pointi tano. Siku tano baadaye akatangaza kwamba anaacha mbio. Kiti bora kuliko vyote duniani kikabaki wazi mwezi Desemba, wakati wenye majina makubwa wote walikuwa wameshasaini kwingine. Tetesi zikamweka kila dereva Mercedes. Aliyekuwa na penseli angeuliza: nani anaweza kutoka alipo, na timu yake ikapata mtu wa kuziba pengo? Jibu lilikuwa pambizoni. Felipe Massa alikuwa ameaga. Kule Interlagos, São Paulo, aligonga ukuta kwenye mvua, akarudi kwa miguu akilia, bendera ya Brazil mabegani, na mafundi wa timu pinzani wakatoka kumpigia makofi. Huyo huyo Massa akaombwa na Williams arudi, na kwa kurudi kwake Valtteri Bottas akapata ruhusa ya kwenda Mercedes. Ilitangazwa Januari 2017. Mtu aliyeagwa kwa machozi Novemba ndiye aliyeufungua mlango mzima.

Tuje kwenye mikataba, maana hapa ndipo wengi huzama. Ukisikia dereva ana mkataba hadi mwaka fulani, jua umeambiwa nusu ya habari. Nusu nyingine ni vifungu vyake: nani ana haki ya kuuvunja, lini, na kwa sharti gani. Agosti 2023 Mercedes na Hamilton walitangaza mkataba wa kuwafikisha mwisho wa 2025. Wengi waliandika kwa wino. Ndani yake kulikuwa na nafasi ya kuondoka baada ya mwaka mmoja, na tarehe 1 Februari 2024 tetesi iliyoanza asubuhi kwamba anakwenda Ferrari ilithibitishwa jioni na timu zote mbili. Mtu aliyetwaa mataji sita akiwa na Mercedes! Aliyecheka asubuhi alilala kimya.

Siku hiyo kila mtu alitazama upande wa Hamilton. Mimi nilimtazama Carlos Sainz, na nakuomba nawe ujifunze kutazama upande huo. Msimu wa 2024 ulikuwa haujaanza, naye tayari alijua kwamba kiti chake cha Ferrari kimepata mwenyewe mwingine. Aliendesha hivyo hivyo. Akakosa mbio za Jeddah kwa kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na wiki mbili baada ya upasuaji akashinda Melbourne. Hata baada ya ushindi huo alikaa hadi mwisho wa Julai ndipo Williams ikamtangaza. Miezi yote hiyo majina ya timu yalikuwa yanabandikwa kwenye jina lake na kubanduliwa. Kwetu ilikuwa burudani ya kupitishia jioni, kwake ilikuwa kazi.

Usidhani tangazo rasmi ndilo mwisho wa mchezo. Mfano wake ni Agosti 2022, na unastahili karatasi yake peke yake.

Sebastian Vettel alitangaza mwishoni mwa Julai kwamba anastaafu. Tarehe 1 Agosti, Aston Martin ikasema kiti chake kitachukuliwa na Fernando Alonso, aliyekuwa Alpine. Kesho yake Alpine ikatoa taarifa kwamba dereva wake wa akiba, kijana wa Melbourne aitwaye Oscar Piastri, atapanda gari lao mwaka 2023. Saa chache hazijapita, Piastri mwenyewe akaandika hadharani kwamba taarifa hiyo imetolewa bila ridhaa yake, hajasaini, na hataendesha gari la Alpine. Tetesi tunazijua kwa kukanushwa na timu. Hapa timu ilitangaza na dereva akakanusha!

Shauri likaenda Geneva, Uswisi, mbele ya bodi ya kutambua mikataba. Bodi hiyo ilizaliwa na vurugu za miaka ya nyuma, hasa ile ya 1991, Michael Schumacher alipoanza na Jordan pale Spa mwezi Agosti na mbio zilizofuata, Monza, akaonekana ndani ya Benetton, huku Roberto Moreno akiondolewa kiti katikati ya msimu ili kijana akae. Kazi ya bodi ni nyembamba na safi: mikataba miwili ikigombea dereva mmoja, upi ni halali? Tarehe 2 Septemba 2022 ikaamua kwamba mkataba halali wa Piastri ni wa McLaren. Kumbe ulisainiwa Julai.

Fungua pambizo sasa. Ili Piastri akae McLaren, Daniel Ricciardo alitolewa ingawa mkataba wake ulikuwa hadi mwisho wa 2023, wakakubaliana kuukatisha. Alpine iliyoachwa mikono mitupu ikamchukua Pierre Gasly kutoka AlphaTauri. AlphaTauri ikamchukua Nyck de Vries. De Vries akaendesha mbio 10 za 2023, akaondolewa, na aliyekalishwa kwenye kiti chake ni nani? Ricciardo. Mzee mmoja wa Ujerumani alisema anapumzika, na baada ya miezi 12 mduara ulikuwa umezunguka timu nne na kumrudisha yule yule aliyefukuzwa. Nimeichora njia hiyo kwa mishale mara nyingi. Kila mara inanifurahisha, na kila mara naumia ninapofika kwa De Vries.

Kuhusu ishara, mpango ni mfupi. Dereva kuonekana Italia si dalili ya Ferrari. Italia ina barabara, mahoteli na tambi, na watu wengi huenda huko kwa hayo. Dereva kuacha kumfuata bosi wake mtandaoni ni dalili kwamba alishika simu. Rangi mpya ya kofia ngumu ni rangi mpya ya kofia ngumu. Ishara zenye uzito ni zile zinazomgharimu mtu: dereva wa akiba aliyechukuliwa kwa mkataba mrefu, mdhamini anayefuatana na dereva kutoka timu hadi timu, kijana aliyefikisha pointi 40 za leseni ya juu kabisa wakati timu yake haina nafasi. Na kila tetesi uipime kwa faida. Dereva anayejadiliana mshahara hunufaika ikisemwa kwamba anatakiwa kwingine. Wakala wake hunufaika zaidi. Nusu ya mwaka 2025 dunia ilimpeleka Max Verstappen Mercedes na kumrudisha, hadi alipowaambia waandishi wa habari kule Hungary, mwisho wa Julai, kwamba mwaka 2026 atabaki Red Bull. Wakati huo George Russell, mwenye kiti cha Mercedes, alikuwa anaulizwa kila wiki juu ya nyumba yake mwenyewe kana kwamba yeye ni mpangaji.

Sasa nakuomba utulie hapa, kwa sababu ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Agosti 2024 Alpine ilimtangaza Jack Doohan kuwa dereva wake wa 2025. Baba yake, Mick, ni bingwa mara tano wa dunia wa pikipiki. Januari 2025, kabla kijana hajaanza msimu wake wa kwanza kamili, timu ikamleta Franco Colapinto wa Argentina kuwa dereva wa akiba. Ndipo tetesi zikamwandama Doohan: atapewa mbio tano, atapewa sita. Kila mkutano na waandishi aliulizwa ataondolewa lini. Fikiria unaanza kazi uliyoitamani tangu utotoni, na kila anayekusalimia anakuuliza siku ya kufukuzwa. Mwezi Mei, baada ya mbio sita, akaondolewa. Colapinto akapanda gari lile lile, na hadi msimu unakwisha hakupata hata pointi moja. Wenye tetesi walisema: si tuliwaambia? Waliwaambia, ndiyo. Lakini dereva huingia kona kwa kasi ya kilomita zaidi ya 200 kwa saa akitegemea imani kwamba gari, timu na mikono yake vitamtii. Kumwondolea imani hiyo kwa miezi minne halafu kusema hakuwa na kasi, hiyo nakataa kuiita utabiri.

Mwaka huo huo Liam Lawson alipewa kiti cha pili cha Red Bull, kando ya Verstappen, na baada ya mbio mbili tu akarudishwa timu yao ndogo, Racing Bulls. Mbili! Yuki Tsunoda akapandishwa mahali pake, kwa furaha kubwa, kwa kuwa mbio zilizofuata zilikuwa Japani, nyumbani kwao.

Kwa hiyo, tetesi ikikufikia usiku, fanya hivi. Isome. Furahi, maana ni ruhusa kufurahi, na wiki 14 ni ndefu. Andika jina kwa penseli, taratibu, kwenye kiti kinachosemwa. Kisha, kabla hujaituma kwa rafiki yako hata mmoja, chukua jina ulilolifuta na ulihamishie pambizoni kwa herufi zinazosomeka. Usilitupe. Majina ya pambizoni hurudi: Sergio Pérez na Bottas walikaa 2025 nzima bila kushindana hata mbio moja, na Cadillac ilipotafuta watu wa kuanza nao iliwachukua hao hao wawili. Ukipata nafasi ya kumtumia dereva neno mtandaoni, mtumie aliyeko pambizoni. Yule mwenye kiti kipya ana wengi.

Karatasi yangu ya 2026 ilitulia mapema. Desemba 2 Red Bull ilitangaza kwamba Isack Hadjar atakaa kando ya Verstappen, na Arvid Lindblad, kijana aliyezaliwa 2007, ataingia Racing Bulls na Lawson. Nikafuta, nikaandika, viti 22 vikajaa. Kisha nikahamia pembeni, nikaikandamiza penseli zaidi kidogo ili isifutike kwa kupitiwa na mkono, nikaandika Tsunoda, dereva wa akiba.